Boksi la mdhamini halifungwi kwenye gari siku linapofika

Wazee wangu shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliokaa juu ya matairi kule nyuma, habari za jioni. Mzee wetu kaniomba niongee kidogo kuhusu lile gari mliloliona hapo nje, na nimekubali haraka kwa sababu nimesikia kuna vijana watatu humu ndani wamenunua mgongo wa chura wao, ile Volkswagen Beetle ya zamani, wanataka kwenda nalo jangwani kushindana, na tayari kuna mfanyabiashara, ndo mdhamini wao, kawaahidi vifaa. Kwa hiyo naongea na nyie watatu hasa, wengine mtanivumilia.

Sisi tunaokaa hapa San Diego tuna bahati ambayo wengi hatuioni. Mpaka wa Tijuana uko hapo tu, ukivuka unaingia Baja California, ile rasi ndefu ya Meksiko inayoteremka kusini zaidi ya kilometa 1,200, mkono wa kulia bahari ya Pasifiki, wa kushoto Ghuba ya California, na katikati ni jangwa, mawe, miiba, na maziwa yaliyokauka kama Laguna Salada. Mwaka 1967 ndo walianza kushindana rasmi kutoka Tijuana mpaka La Paz, na gari lililoshinda lilikuwa Meyers Manx, bagi, yaani gari dogo jepesi la kukimbilia mchangani, la Vic Wilson na Ted Mangels, walitumia masaa 27 na dakika 38. Sasa hilo Manx ukilifunua chini unakuta nini? Unakuta chesisi ya Volkswagen, mgongo wa chura, imekatwa imefupishwa imewekewa bodi ya faiba. Na kwetu vilevile, hii sio habari ya wazungu wa California peke yao, Safari Rally ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka uliofuata walioshinda ni Vic Preston na D.P. Marwaha, na gari lao ni hilihili Volkswagen, na 1962 Volkswagen ikashinda tena. Baba yangu kule Tanga alikuwa nalo, ndo gari la kwanza kunipaka grisi mikononi. Nikilishika spana leo namkumbuka yeye, ndo maana nalichukulia kwa uzito.

Lile la kwetu linashindana Class 11, daraja la mgongo wa chura uliobaki karibu na ulivyotoka kiwandani. Injini 1600 inayopozwa kwa upepo, na badala ya springi lina toshenbaa, yaani vyuma vinavyojikunja, zilezile za zamani. Hakuna daraja la polepole kuliko hili, na kwa maoni yangu hakuna gumu kuliko hili, kwa sababu wenye matrak makubwa yale wana safari ya gurudumu, yaani kupanda na kushuka kwake, karibu mita nzima kwa nyuma, wanapita juu ya mawimbi ya mchanga kama hayapo, wewe unaingia kila wimbi na kutoka kila wimbi, halafu wao wamemaliza wanakula wewe bado uko gizani.

Sasa nije kwenye mdhamini.

Mwaka juzi tulikuwa tunajiandaa kwa San Felipe 250, mashindano mengine ya hukohuko Baja. Mwenye duka moja la vifaa alituona tukijaribu gari kule jangwani Plaster City, upande huu wa California, akaongea na mimi na binamu yangu anayekaa kiti cha pembeni, akapenda, akasema atatusaidia, sio kwa hela, kwa vifaa. Wiki tatu baadaye yakaja maboksi matano. Wanangu, nawaambia ukweli, hiyo siku tulilala saa tisa usiku. Tulifungua kila kitu tukakipanga sakafuni, taa, shokapu, matairi, mikanda, filta, vyote vipya, vinang'aa, vingine bei yake peke yake inazidi bei tuliyonunulia gari. Na binamu yangu akachukua drili akataka kuanza kutoboa bampa ili afunge taa usiku uleule. Nikamwambia weka chini hiyo drili.

Hapo ndo pana neno langu lote la leo. Kile kifaa kimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuliona gari lako. Hajui lina uzito gani, hajui dainamo lako linatoa umeme kiasi gani, hajui gurudumu lako linapanda na kushuka sentimita ngapi. Kakutumia kwa moyo mzuri kabisa. Lakini ukishakifunga ni chako, kikikuangusha kilometa 150 jangwani saa mbili usiku hakuna wa kumpigia simu, na simu yenyewe haishiki. Kwa hiyo kifaa ndo kinapimwa kwa gari. Watu wengi wanageuza, wanalikata gari ili likubali kifaa, kwa sababu kifaa ni cha bure na wanaona aibu kusema hakitufai.

Chukua taa. Tuliletewa taa nne za halojeni, kila moja wati 100. Nzuri, zina mwanga wa kufika mbali. Sasa piga hesabu na mimi, nne mara 100 ni wati 400, gawa kwa volti 12, unapata ampia 33. Gari letu wakati huo lilikuwa na dainamo la kizamani, lile linalotoa ampia 30 likiwa zima na injini imeshika kasi. Yaani taa peke yake zinakula kuliko kinachozalishwa, na bado hujaweka moto wa plagi, redio koli, GPS, na feni ya kupulizia hewa safi kwenye helmeti. Tofauti yote inatoka kwenye betri. Kwenye gereji utaziwasha zitawaka vizuri sana utafurahi utapiga picha, na jangwani zitawaka saa moja, mbili, halafu mwanga unaanza kuwa wa njano, halafu injini inaanza kukohoa kwa sababu koili haipati umeme wa kutosha, na wewe utadhani kabureta imeingia uchafu. Nimeona timu imefungua kabureta gizani mara mbili kumbe ugonjwa ni taa.

Tulifanya nini? Nilimpigia mdhamini nikamweleza hesabu kama nilivyowaeleza nyie, akanyamaza kidogo akasema hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu wa Class 11. Akabadilisha, akatuma LED nne zinazokula ampia 14 zote kwa pamoja, na sisi kwa hela yetu tukatoa dainamo tukaweka alteneta ya ampia 55. Kila taa ikapata rilei yake, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na fyuzi yake, usiziunganishe zote kwenye fyuzi moja, maana waya mmoja ukichubuka unabaki kipofu kabisa. Na mbili tukaziweka chini usawa wa bampa, zenye kioo cha manjano, kwa sababu vumbi la mwenzako wa mbele likishakaa hewani taa nyeupe ya juu ya paa inakurudishia mwanga machoni kama ukuta, ya chini ya manjano angalau unaona njia inaelekea wapi. Paa likabaki tupu. Mdhamini alitaka taa juu ya paa kwa ajili ya picha, stika yake ionekane, tukaongea, stika ikapanda kwenye kioo cha mbele juu, kila mtu akaridhika.

Halafu shokapu. Naomba hapa mnisikilize vizuri maana hapa ndo magari mengi yanakufa.

Zilikuja nne, mwili mnene, zina chupa ya pembeni yenye naitrojeni. Ile naitrojeni sio urembo. Shokapu ikifanya kazi sana mafuta ndani yanapata moto, na yakiwa hayana mgandamizo yanatoa povu, na povu halizuii kitu, gari linaanza kurukaruka kama mpira. Gesi inayakandamiza mafuta yasitoe povu. Kwa hiyo kifaa ni cha maana, na zile za kawaida za dukani zisingetufikisha popote. Lakini kabla ya kufunga tulitoa shokapu za zamani zote, tukaweka gari kwenye stendi, tukaacha gurudumu lining'inie mpaka mwisho, tukapima kwa tepu kutoka katikati ya bolti ya juu mpaka katikati ya bolti ya chini. Mbele ilikuwa sentimita 36. Halafu tukapandisha gurudumu kwa jeki mpaka likaegemea ile raba ya kuzuia, tukapima tena, 24. Hizo namba mbili ziandikeni ukutani, mtu akikuletea shokapu ya aina yoyote unazitazama hizo kwanza.

Shokapu za mdhamini zikibanwa mpaka mwisho zilikuwa 27. Mmeona? Sentimita 3 kabla gurudumu halijafika kwenye raba yake, shokapu imeshagonga ndani, chuma kwa chuma, na uzito wote wa gari linalotua kutoka hewani unaingia kwenye ile nguzo inayoshikilia shokapu kwenye bimu ya mbele. Na kila fundi wa Volkswagen anajua ile nguzo ndo udhaifu wa bimu ya mbele, hata kwa shokapu sahihi inapasuka, ndo maana tunaichomelea bati la kuongeza nguvu. Ungezifunga zile, zingependeza sana, na ungevunja bimu siku ya kwanza, halafu ungeenda kusema shokapu za fulani mbovu. Sio mbovu, zilitengenezwa kwa bagi la mchanga lenye safari ndefu.

Tukazirudisha. Binamu yangu iliuma sana. Lakini tuliporudisha hatukuandika tu hazifai, tulimpimia na uzito. Tuliazima mizani ya gurudumu, tukakaa ndani wote wawili na helmeti, tangi limejaa, spea zote zimefungwa, jeki, maji, tairi ya akiba, tukapima kila kona peke yake, tukamtumia namba zote na picha ya tepu. Fundi wa shokapu ndani anapanga visahani vyembamba ambavyo mafuta yanapita kwa kuvikunja, vingi ni ngumu, vichache ni laini, na hawezi kupanga vizuri bila kujua uzito. Zilivyorudi zilikuwa fupi na laini kuliko za kwanza, na nawaambia gari lilibadilika likawa gari lingine. Siku ya kujaribu tulifunga zipu tai ndogo, kile kikanda cha plastiki cha kufungia waya, kwenye fimbo ya kila shokapu, gari likitembea inasukumwa mpaka pale safari ilipofika, ukisimama unaangalia. Ikiwa chini kabisa kila mara, ni laini mno au toshenbaa imechoka. Ikiwa katikati tu hata kwenye mashimo makubwa, ni ngumu mno, unaumiza gari na mgongo wako bure. Zipu tai ni senti chache, na imetufundisha mengi kuliko mtaalamu yeyote.

Matairi nitapita haraka. Alituletea ya inchi 30, gari lilitoka kiwandani na kama inchi 25 na nusu. Tairi kubwa linapita juu ya mawe vizuri, kweli, lakini ni kama umeongeza urefu wa gia zako zote karibu asilimia 18, na injini hii nguvu yake ni ndogo tangu kuzaliwa, kwenye mchanga laini inazama inakosa pumzi na klachi inaungua. Tukaomba madogo na mepesi. Basi.

Mikanda ya kiti, hapa sina mchezo kabisa. Kila mkanda una lebo ya SFI, shirika la Marekani la viwango vya usalama wa mashindano, yenye tarehe, na muda wake ni miaka 2 tangu kutengenezwa, kwa sababu ule uzi unaliwa na jua. Ile tuliyopewa ilikuwa mipya haijawahi kufungwa ila ilikaa ghalani, lebo ilikuwa imebakiza miezi minne. Kwa hiyo kitu kipya kwenye boksi hakimaanishi kipya kwenye ukaguzi, soma lebo kabla hujasema asante. Na mikanda ya mabega ifungwe kwenye bomba la keji, yale mabomba yanayowalinda gari likipinduka, nyuma yako, karibu usawa wa mabega au chini kidogo tu, isizidi pembe ya digrii 20. Nimeona gari mtu kafunga mikanda ya mabega sakafuni kwa sababu ndiko kulikuwa na bolti tayari. Gari likigonga, ule mkanda unamvuta mabega kwenda chini, unamkandamiza uti wa mgongo. Wale watu wana watoto, jamani. Nilimwomba afungue palepale na tukamchomelea bomba usiku huo.

Filta ya hewa. Kule Baja kuna vumbi wanaita silti, ni laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara tatu, gari linaingia mpaka magoti na linamwagika kama maji. Likiingia kwenye injini kwa kilometa chache tu limeshasugua ringi na silinda. Filta ya mdhamini ilikuwa nzuri sana na tuliifunga kama ilivyo, ila tulifanya jambo moja alilonifundisha mzee mmoja fundi wa hapa, unapaka grisi nyembamba ndani ya bomba upande wa baada ya filta, unaenda kujaribu gari siku nzima kwenye vumbi, ukirudi unafungua unapitisha kitambaa cheupe. Grisi ikiwa safi, lala. Ya kwetu ilikuwa na mstari wa kahawia upande mmoja. Filta haikuwa na kosa, ni ule mpira wa kuunganishia tuliokuwa tumeutumia sisi, ulikuwa wa zamani umekakamaa na klempu yake haibani sawasawa. Ningemlaumu mdhamini kwa kosa la mpira wangu.

Kuhusu San Felipe wenyewe sitaongea sana maana kila mtu humu ameshaona video. Nitasema jambo moja. Usiku wa kuamkia mashindano tulibadilisha bolti ya chini ya shokapu ya nyuma kushoto, tukaweka ndefu kidogo, tukaikaza vizuri kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, lakini hatukuweka alama. Kawaida yetu kila nati ikishakazwa tunapitisha mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ukiangalia kwa tochi mstari umekatika unajua imezunguka. Bolti ile peke yake ndo haikuwa na mstari, na ni ileile iliyolegea. Kwenye mawimbi ya mchanga, na mawimbi ya San Felipe hayaishi, unayapiga mamia kwa mamia, nikasikia mgongo wa gari unagonga tofauti, binamu yangu akashuka na tochi kwenye kituo, akakagua kila mstari wa rangi, yote sawa, tukaendelea. Hakuangalia pasipo na mstari. Tulisimama baadaye dakika 50 njiani kwa sababu shokapu ilichomoka chini ikaenda kukata bomba la breki. Tulimaliza, ndani ya muda, tuna zile pini zao za kumaliza, lakini zile dakika 50 na kuendesha na breki nusu ni za kwangu mimi, mimi ndo niliyekaza ile bolti.

Na ripoti niliyompelekea mdhamini niliandika hivyohivyo. Hili nalo mlishike. Mnadhani mdhamini anataka msifie vifaa vyake mtandaoni, na kweli picha anazitaka mpeni, mpeni nzuri, osheni gari kabla ya kupiga. Lakini kinachomfanya arudi mwaka wa pili ni kuambiwa ukweli ambao hawezi kuupata dukani kwake. Niliandika kurasa tatu kwa mkono, kila kifaa, kilometa ngapi, kilifanya nini. Shokapu zake zilimaliza bila kuvuja. Filta safi. Bolti iliyotoka ni yetu, alama hatukuweka. Na kile kibati cha kushikilia taa ya kulia kilipasuka kwenye kona pale kilipokunjwa, taa ikaning'inia na waya, nikampelekea kibati chenyewe kwenye bahasha. Baada ya mwezi alituma vibati vipya, vinene, kona imekunjwa kwa duara sio kwa pembe kali, na akasema hivyo ndo ataviuza kuanzia sasa. Nilifurahi kuliko zile pini, nawaambia kweli, kwamba kitu kilichopasuka kwenye gari letu hakitapasuka kwenye gari la mtu mwingine.

Mmoja wenu ameniuliza pale mlangoni, je mdhamini akikataa kubadilisha? Hutokea. Kuna mmoja mwingine, mwaka wa kabla ya huo, alikataa, akasema funga hivyohivyo au rudisha na tusiongee tena. Tukarudisha. Tulikimbia na shokapu za kununua, hatukufika mwisho, lakini gari lilirudi nyumbani juu ya trela likiwa zima na sisi wazima. Usione haya kurudisha kitu. Ukikirudisha mapema, kisafi, kwenye boksi lake, na maelezo ya heshima, mtu mwenye akili anakuheshimu. Ukikifunga kwa kulazimisha na kikakuvunjikia, hapo ndo umempotezea jina lake mbele ya watu, na la kwako.

Sasa saa zinakwenda na akina mama wameshaandaa chai. Nyie watatu, Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa hapahapa gereji. Leteni gari, na kama haliwaki livuteni. Leteni tepu, daftari, na kitambaa cheupe, vaeni viatu vya kufunika vidole. Shokapu za zamani tutazitoa pamoja tupime. Na yale maboksi mliyoletewa yaacheni nyumbani kwanza kama yalivyo.